Baba asimeze vile vidonge

Nchelenge, siku ya ine

Mama yangu mupenzi,

Jambo yako, jambo ya Baba, jambo ya wote kule Pweto. Muko bazima? Mukono ya Baba, ule ulikufa siku ile mudomo ulipinda, unaweza sasa kushika kijiko? Mimi natembea, Mama! Muguu haina uvimbe tena, kiatu kinaingia. Jana nilibeba kitunga ya samaki mpaka sokoni, bamama bakanipigia vigelegele.

Lakini ngoja. Kama Mama Feza, yule wa kuuza samaki ya chumvi, amefika na kachupa yenye nilimupa siku ya mbili, munyang'anye! Baba asimeze hata kidonge kimoja.

Kosa ni yangu. Niliwaza: Baba na mimi, wote ni ugonjwa wa damu kuganda, yeye mu kichwa, mimi mu muguu. Kwetu chungu ni moja, basi na dawa tugawane. Leo munganga-muke wa hospitali ya hapa, Mubemba, aliuliza mbona vidonge vyangu vimekwisha mbio. Nikamueleza na kiburi kabisa. Akashika kichwa: "Bushe mulefwaya ukwipaya bawiso?" Ati nataka kuua baba yangu!

Sikia vile alinifundisha. Mu damu kuko vipande vidogo sana, vinakimbilia mahali pameumia na kushikana. Aspirini yenye Baba anakunywa kila asubui inavikataza kushikana. Dawa yangu haivigusi vile vipande. Yenyewe inakataza maji ya damu isikamate kama bukari ya unga yenye imepoa. Tena ni kali: kila juma bananitoboa mukono juu ya kupima damu. Nani atapima Baba kule? Mutu akikunywa zote mbili, wembe wa ndevu tu unaweza kumumaliza, ao damu itoke mu tumbo bila mutu kuona. Aspirini yake aendelee, lakini dawa yangu, hapana!

Mama Feza anapitia kwanza kisiwa Kilwa kupakia samaki. Barua hii inakuja na mutumbwi ya motere, haipiti popote. Ee Mungu, ifike mbele yake!

Salimia dada yangu mukubwa, ule wa kuuza maandazi, na mujomba katekista aniombee.

Mwenye kuleta barua asikae hata kukunywa chai; kama Mama Feza hajafika, akamungojee kwenye mitumbwi inafikia. Mumupe kachupa arudi nayo. Niliweka vidonge makumi mbili. Nitamungojea kando ya maji, nihesabu kama hakuna chenye kimemezwa.

Mutoto wako,
Kalenga