Siku Uliyosema Unaona Chenga

Fundi wangu,

Mama, mkeo, amejua. Nimemwambia mimi mwenyewe, na sikumwambia uso kwa uso kama mtu mwenye adabu. Nimemwambia redioni, akiwa jikoni kwake, na nusu ya Rungwe ikisikiliza.

Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani na sijabadilisha hata nguo. Nimefungua duka nusu mlango nipate mwanga wa kuandikia, na mvua inanyesha kama inavyojua kunyesha hapa Makandana, bila haraka na bila nia ya kuacha. Anayepita atadhani napokea kazi. Sipokei. Nimechoka, Fundi. Tangu tukuzike ni miezi minane, na nimechoka hata kwenye vidole.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe hukupenda mtu aanze habari katikati.

Kuna kijana anaitwa Lusajo, mtangazaji wa redio ya hapa mjini. Kila Jumamosi asubuhi ana kipindi cha neno moja. Analichukua neno, watu wanapiga simu kusema wanavyolijua, wanabishana, wanacheka. Mwezi uliopita akachagua chenga. Kuna wimbo wa vijana unaopigwa kila kona, umeingia mpaka kwenye maharusi, na kwenye kiitikio mwimbaji anarudia chenga, chenga, na hakuna anayejua anamaanisha chenga ipi. Lusajo akaja hapa dukani. Akasema, "Dada Bupe, wazee wananiambia Fundi Shomari ndiye alikuwa daktari wa chenga mji huu. Njoo umsemee." Nilikataa. Akaja tena na tena. Mara ya tatu nikakubali, nadhani kwa sababu nilikuwa sijasikia mtu akilitaja jina lako kwa sauti siku nyingi.

Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa magodoro. Simu zikaanza. Mama mmoja wa Masoko akasema chenga ni punje za mchele zilizovunjika, na kwamba mchele wa Kyela wa siku hizi ni chenga kuliko mchele. Mzee wa Mpuguso akasema huyo mama hajui kitu, chenga ni ya mpira, na akaanza kutangaza redioni jinsi winga mmoja wa timu yao alivyowalaza mabeki watatu enzi hizo. Mwanafunzi akasema chenga ni mtu ambaye kichwani hazijakaa sawa. Bodaboda akasema chenga ni yule abiria anayekuambia ngoja nakuja halafu anatokea mlango wa nyuma. Ungefurahi. Ungebishana na wote.

Lusajo akanigeukia. "Na kwa mafundi je?"

Nikawaambia. Nikasema zamani, kabla ya ving'amuzi, TV ikikosa mawimbi ilijaa vidoadoa vyeupe na vyeusi vikichemka, na hizo ndizo zilikuwa chenga zetu, ndizo zilizotulisha. Nikawasimulia ile siku ya mwanzo uliponichukua kazini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne, na baba amenileta kutoka shambani akisema huyu anafungua kila redio ya nyumbani, bora akafungue za watu. Mafundi wengine wawili walikuwa wamemwambia hawafundishi binti. Wewe ulinipa bisibisi, ukaniambia twende. Tulikwenda nyumba moja, watu wamejaa sebuleni wakisubiri mechi, na wewe ukapanda juu ya bati kuzungusha antena iliyofungwa kwenye mwanzi. Unapaza sauti kutoka juu, "Bado chenga?" Na nyumba nzima inajibu, "Bado." Unazungusha. "Na sasa?" "Zimezidi." Mpaka kipa akaonekana, na watu wakasahau kuwa uko juu ya bati na ngazi wameiondoa.

Lusajo alicheka mpaka akakohoa. Siku hizi TV hazina chenga, nikamwambia. Picha inaganda, inakatika vipande, kisha giza. Watoto wa leo hawajawahi kuziona.

Ndipo akauliza swali lake la mwisho, bila ubaya wowote. "Unakumbuka mara ya mwisho Fundi Shomari kulitaja neno hili?"

Nakumbuka, Fundi. Hakuna siku inayopita nisiikumbuke.

Ulikuwa umeinamia sabufa ya mteja, kifuniko kiko wazi. Ukasema taratibu, "Bupe, mwanangu, naona chenga." Nikacheka. Vijana wote wa stendi walikuwa wakisema hivyo wakati ule, mtu akishindwa kuelewa kitu anasema naona chenga, wameitoa kwa wachekeshaji wa kwenye simu. Nikadhani na wewe umeidaka, mzee wa watu, unajifanya kijana. Nikakuambia, "Fundi, na wewe siku hizi." Ukatabasamu. Ulikuwa unaniambia jambo zito kuliko yote uliyowahi kuniambia, nami nikacheka nikaendelea kufunga skrubu.

Wiki mbili baadaye ulilehemu kidole chako mwenyewe, ndipo nikaelewa. Chenga zilikuwa machoni mwako, asubuhi na jioni, jicho la kushoto lote na la kulia nusu. Ile sukari uliyokuwa ukiificha chini ya mzaha ilikuwa imefika huko.

Nilikuambia twende hospitali. Ukasema tutakwenda. Nikakukumbusha, ukasema wiki ijayo. Halafu siku moja ukanishika mkono, ukasema, "Wakijua sioni, nani ataniletea redio yake? Na mama yako akijua, atanifungia ndani kama kuku anayeatamia. Usimwambie." Nikanyamaza. Uliyenipa kazi ni wewe, na sikujua namna ya kukukatalia.

Basi nikawa macho yako. Nilikuwa nakusomea rangi za mistari ya vile vipande vidogo vya ndani ya redio, kahawia, nyeusi, nyekundu, kwa sauti ya chini, na wateja wakadhani unanipa mtihani. Mtu akiingia ninamtaja jina kabla hajafika mezani. "Karibu, Mwalimu." "Mama Tupokigwe, ugonile." Nawe unadakia hapo hapo kama uliyemwona kutoka mbali. Hakuna aliyejua. Mwaka mzima, Fundi. Watu walisema umezeeka vizuri.

Nilijivunia. Hilo nakiri. Niliona tunacheza vizuri.

Halafu ukaja ule mwezi wa saba, baridi kali na ukungu ambao hata migomba ya jirani huioni. Mama alikutuma viberiti. Barabarani walikuwa wamechimba mtaro, wenye macho wote waliukwepa. Mimi nilikuwa njiani kuja dukani. Nilipofika nilikuta umeshatolewa, umekalishwa pembeni, umejaa udongo mwekundu, unawaambia waliokuokota kwamba uliteleza. Nyonga ilikuwa imevunjika. Ulilala hospitali siku kumi na moja, kifua kikajaa, na ya kumi na mbili hukuamka. Hata pale kitandani, nilipoinama, ulinikumbusha. Usimwambie.

Kwa hiyo Lusajo aliponiuliza, nilifungua mdomo nikitaka kusema kitu chepesi. Kikatoka kingine. Nikasema, "Mara ya mwisho alisema anaona chenga, na alikuwa anasema kweli. Alikuwa haoni. Mwaka mzima alikuwa haoni, mimi ndiye nilikuwa namwonea, na nyumbani kwake hawakujua." Lusajo akaniangalia. Akaweka muziki.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nilijua amesikia, maana majirani walikuwa wamemwita tangu asubuhi kwamba mumewe anatajwa redioni, na ile redio yake ya dirishani uliitengeneza wewe, haijawahi kukosa mawimbi. Nilimkuta jikoni na ungo wa mchele, anatenga chenga za kusaga kwa vitumbua. Redio imezimwa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Chai aliyoimwaga kwenye kanga yangu ya Idi?"

"Hakukiona kikombe, Mama."

"Na mchicha wangu aliokanyaga wote?"

"Hakuuona."

"Siku aliyompita dada yangu njiani bila salamu, tukanuniana mwezi mzima?"

Nikajibu. Aliuliza mwaka wote, Fundi, jambo moja moja, kwa utaratibu uleule anaotumia kuchambua mchele. Na kila aliposikia jibu alirudia alichokuambia siku ile. Kwamba alikuita mzembe. Kwamba alikuita mzee mwenye kiburi. Mimi nilikuwa naomba moyoni asifike kule, akafika.

"Nilimtuma viberiti," akasema. "Kabatini kilikuwepo kimoja, Bupe. Nilimtuma kwa sababu alikuwa ananiudhi mle ndani, anagonga gonga vitu. Nilitaka tu atoke nje kidogo."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Wewe na yeye mlinipiga chenga mwaka mzima. Yeye amekufa. Wewe nenda nyumbani kwako."

Nilikwenda. Wiki iliyofuata nikarudi, mlango haukufunguliwa. Nikaacha ndizi kibarazani. Nilipopita kesho yake zilikuwa pale pale, kuku wanazidonoa. Nikarudi tena Jumamosi nyingine, na nyingine. Kazini nilikuwa nakosea vitu vya kijinga, nikaunguza simu ya mtu ambayo ilikuwa na ubovu wa chaji tu. Na nitakuambia kweli, Fundi, nilikukasirikia. Nimekulilia miezi minane, halafu wiki tatu nzima nimekukasirikia. Ulinipa kitu kizito ukaondoka, na ulijua mimi si mtu wa kuuliza.

Juzi Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Mama akaja hapa. Alisimama mlangoni na mwavuli unadondosha maji. Akaingia, akaketi, akaangalia meza yako muda mrefu, yale makopo ya skrubu, ile miwani uliyokuwa unaivaa kwa kujionyesha tu. Kisha akasema, "Sijakusamehe. Usidhani nimekuja kwa hilo. Ila wewe ulikuwa naye mwaka ule na mimi nilikuwa na mtu mwingine niliyemtunga mwenyewe. Niambie alikuwaje."

Nikamwambia. Nilimweleza ulivyokuwa unatambua ubovu wa redio kwa kuisikiliza pumzi yake. Nilimweleza Jumamosi za mpira, jinsi ulivyokuwa unageuza kiti kuelekea ukutani na kuiona mechi yote kwa sauti ya mtangazaji, na winga akimpiga beki chenga unahamisha bega. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anayekutana na mgeni.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiri kuwa ni siri. Mchana alipokuwa anakuletea chakula, mimi nilimwona mapema akikata kona, na wewe kila siku uliniuliza, "Amevaa nini leo?" Nami nakuambia, kitenge cha maua ya njano, au kanga ya kijani ya zamani, au amejifunga mtandio mweupe. Akifika unamwambia, "Hiyo ya kijani bado inakupendeza kuliko zote." Yeye anakujibu ukae kimya, kuna mtoto wa watu hapa.

Nilipomaliza kusema hivyo Mama aliangalia nguo aliyovaa. Kisha akasema, "Nilijua uzee umemlainisha. Miaka thelathini hakuwahi kuona nguo yangu." Akafunika uso kwa ncha ya mtandio. "Kumbe zile sifa zilikuwa zako."

"Rangi ndizo zilikuwa zangu, Mama," nikamwambia. "Sifa zilikuwa zake."

Sijui alikuwa analia au anacheka. Alikaa hivyo mpaka mteja akaja na king'amuzi chake na akarudi bila kuingia. Alipoinuka alisema ana mambo mawili. La kwanza, Jumanne nimpeleke akapime sukari na macho, kwa sababu na yeye ana umri. La pili, nisimfiche kitu tena, hata kama nadhani kitamuumiza, hasa kama nadhani kitamuumiza.

Nikamwahidi. Na wewe nakuahidi hilohilo, Fundi, ingawa najua halikupendezi. Ulichoniomba nilikitimiza mpaka kaburini na kupita kidogo, na sasa nimekitua. Kama kuna kingine ulichonipa nikitunze na nimekisahau, siku nikikikumbuka nitampelekea yeye. Mkononi mwako nilijifunza kazi yote ninayoijua. Hili moja nimejifunza kwa Mama, tena kwa kuchelewa.

Duka liko wazi. Watu bado wanaleta redio. Jina lako bado liko juu ya mlango, na rangi yake nitaipaka upya mvua zikikatika.

Pumzika, baba yangu. Ndaga fijo, asante sana kwa ile bisibisi. Mimi nafunga mlango sasa, maana Mama amepika na amesema nisichelewe, na kwa uchovu huu mwendo wangu siku hizi ni wa polepole.

Mwanafunzi wako,
Bupe