Samaki wa Baba Yako

Kitindamimba wangu,

Katika tangi la kioo ulilotuletea hajafa samaki hata mmoja, na majirani wanakuja kushangaa. Yule mwekundu aliyekuwa akiwatafuna wenzake mapezi nilimpa fundi cherehani, akae peke yake na ubabe wake. Nimebaki na wale wadogo wapole wanaoogelea kwa kundi. Vinywa vyao ni vidogo, kwa hiyo chakula chao nakisaga kwa vidole mpaka kiwe unga.

Baba yako, kama ujuavyo, tangu augue hajatamka neno. Hushinda kitini akiwatazama. Leo asubuhi nilitaka kuwaongezea chakula, nikasikia nyuma yangu: "Inatosha. Utawachafulia maji."

Nimekaripiwa, mwanangu, na mpaka sasa natembea kifua mbele.

Ni mimi mama yako