Barakoa Yenye Matundu ya Macho

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ule mwaka wa korona, Rukia aliponyamaza siku tisa, mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Nilikuwa darasa la nne, naye mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Shule zilikuwa zimefungwa. Hoteli aliyokuwa akipika Mama ilikosa wageni, akarudishwa nyumbani. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi, huko kisiwani Shungimbili na wenzake, anakuja kwa nadra. Nyumba yetu hapa Kilindoni ikabaki ya wanawake wanne, na wewe ulipenda kusema kwamba watatu kati yetu ni wake wa Babu, ambaye alifariki mimi sijazaliwa. Wewe mke mkubwa, mimi mke wa kati, Rukia mke mdogo. Kila asubuhi tulikuja kukushika mkono, tunaubusu, tunasema shikamoo. Ulijibu marahaba, kisha utani ukaanza: nani kaamka na tongotongo, nani hajui hata kufagia, nani mume atamrudisha kwao.

Lakini kitandani kwako alilala Rukia. Zamani nililala mimi. Alipoacha kunyonya ndiye aliyepewa nafasi yangu ya ukutani, nami nikahamia kwa Mama na vitabu vyangu. Kwako uke wenza ulikuwa utani. Mimi, Bibi, nilikuwa na wivu wa kweli.

Siku moja nilisoma kwenye simu ya Mama ujumbe uliokuwa ukisambazwa, kwamba ugonjwa huu unawachukua zaidi wazee, na kwamba watoto wanaweza kuwaambukiza bila wao wenyewe kuumwa. Nikamwita Rukia nyuma ya nyumba, penye pipa la maji. Nikamwambia, "Usimguse Bibi tena. Ukimgusa atakufa, na utakuwa umemuua wewe."

Nilitaka kile kitanda. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kuanzia siku hiyo Rukia alilala chini, kwenye mkeka. Asubuhi hakuja kukushika mkono. Alisimama mlangoni, mikono kaificha nyuma, hasemi kitu. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Ukimsogelea anarudi nyuma. Mama alidhani ni minyoo, jirani akashauri apelekwe akasomewe dua. Wewe uliinusa kanga yako, ukamwuliza Mama kwa sauti ndogo kama siku hizi unanuka uzee, maana mke mdogo kakususa. Nilisikia. Nikafungua kitabu, nikajifanya nasoma. Kitanda kilikuwa na nafasi sasa, lakini sikuja. Niliona haya.

Kisha redio ikaanza kusema watu wavae barakoa. Madukani hazikupatikana, na mkono wako ulikuwa mwepesi kwa sindano, kwa hiyo Mama akakuomba utushonee. Ulitoa ile doti yako ya kanga za kijani, ukaitenganisha, kipande kimoja ukakitia mkasi, ukashinda barazani unashona. Alasiri ukatoka uani umevaa. Kumbe barakoa uliyoijua wewe ni ile waliyovaa bibi zako wakienda harusini: kitambaa kimefunika uso wote, kutoka kipaji cha uso mpaka kidevu, kina matundu mawili ya macho. Ukasimama mbele yetu ukauliza kama korona itakutambua.

Rukia akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mpaka leo sijui kama ulikosea kweli.

Hukumkimbilia kumkumbatia. Ulikichukua kipande cha pili cha kanga, ukamtupia pindo moja, jingine ukalishika wewe. Ukamwambia abusu pindo lake, na shikamoo yake itatambaa kwenye kitambaa mpaka ikufikie. Akabusu. Nawe ukabusu la kwako, ukajibu marahaba.

Ndipo akanong'ona, "Bibi, bado upo?"

"Nipo, mke mwenzangu. Niende wapi, na nyumba hii nimwachie nani?"

Tokea hapo tuliamkiana kwa kanga, na haikupita wiki watoto wa mtaani wakawa wanawaamkia bibi zao hivyo hivyo. Barakoa zetu nazo zikapunguzwa, zikawa za mdomo na pua tu; ile yako ya matundu ukaihifadhi sandukuni. Kwa vile ulikata kitambaa chenye maandishi, ya Rukia ilisomeka PENDWA. Yangu ilibaki na neno moja, NA. Nilinuna. Ukaniuliza imeandikwa nini, nikakwambia imeandikwa "na".

"Na nani?"

Nikasema hakuna, kitambaa kimeishia hapo.

"Basi na mimi," ukasema.

Siku chache baadaye uliniita nije kukusomea kitabu changu cha shule, nikae kitandani, upande wa ukutani. Rukia alikaa miguuni bila kugombana. Nilishangaa, lakini nilisoma. Nilikusomea kila siku mpaka shule zikafunguliwa, na hata baada ya hapo.

Uliondoka mwaka jana kwa presha, si kwa ule ugonjwa. Rukia ndiye aliyekuwa kakushika mkono. Mimi nilisimama mlangoni, na nikajua jinsi alivyojisikia yeye zile siku tisa. Nakukumbuka sana asubuhi. Naamka, nanawa uso, halafu sina wa kumwambia shikamoo kwa namna ile. Nimeiandika barua hii wazi kwa sababu huenda kuna mtoto mwingine aliyeambiwa neno kama lile, na bado amelibeba, na aliyemwambia hajarudi kulifuta.

Jana barua ilipofika hapa niliweka kalamu chini. Nikamwita Rukia penye pipa la maji. Ana miaka kumi na miwili sasa, na mdomo wake haufungiki. Nikamsomea yote tangu mwanzo, kisha nikamwomba radhi. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Bibi alijua," akasema. "Nilimwambia siku ile ile ya kanga."

Nikamwuliza ulisema nini.

"Alisema mke wa kati ana wivu, tumpishe kitandani."

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku lako, nikaitoa ile barakoa yenye matundu ya macho. Ilikuwa na harufu ya karafuu na vumbi. Nikaifua kwenye beseni kwa sabuni ya kipande. Rukia akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaikamua, tukaianika kambani.

Mke wako wa kati