Mjomba Kasam, Tafadhali, Nyuma Yako

Mji wa Kale, Mombasa
4 Machi 1948

Kwako Dada Razia,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila Mama bado anakohoa na anasingizia vumbi la pamba la nyumba ya pili. Wewe je, baridi ya Nairobi umeizoea? Shemeji hajambo? Mama mkwe wako msalimie, lakini barua usimpe. Nimeandika Kiswahili makusudi kwa kuwa najua yeye husoma Kigujarati tu.

Dada, nimesimamishwa kwenye timu. Ngoja nikueleze mwenyewe, maana ukimsikiliza Baba utadhani nimempiga mtu.

Unaijua timu ya mtaani ya mpira wa kikapu, ile aliyoiunda Mjomba Kasam. Mbele hawana neno, wanatia. Msiba uko nyuma. Wazee wana matumbo. Mtu akiwapita wanamtazama mgongo kama wanaomsindikiza mgeni. Vijana wa Kilindini wametufunga mpaka watu barazani wakawa wanahesabu kwa kuimba. Ndipo Mjomba akakubali, shingo upande, kutujaribu vijana wawili tulinde: mimi na Kalama, yule ninayesoma naye Kiingereza.

Mwalimu wetu wa michezo shuleni alitufundisha kwamba kulinda ni kusema. Asiyeona nyuma aambiwe na anayeona. Basi Jumamosi tulicheza na watu wa Makupa, jamaa mmoja akampenyeza Mjomba mpira mgongoni. Nikapiga kelele: "Kasam! Nyuma!"

Akageuka, akaupokonya. Halafu badala ya kucheza akasimama nao mkononi.

"Umeniitaje?"

"Mpira, Mjomba, cheza..."

"Nakuuliza umeniitaje! Mimi nimetoka tumbo moja na mamako!"

Watoto waliokaa ukutani wakadakia: "Kasam wee, nyuma!" Hata leo akipita wanamwitia hivyo.

Dada, "Mjomba Kasam" ni neno refu. Kabla hujafika mwisho mpira ushaingia. Walitaka tufanyeje? Makupa tuliwazuia kipindi kizima, na hilo hakuna alisemaye. Linalosemwa ni adabu tu. Baba ameamua nimwombe Mjomba radhi mbele ya timu nzima na kumbusu mkono, la sivyo mechi ya kombe na Kilindini siichezi. Sitaki. Nimekosa nini?

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Unanijua, hata kwa muuza samaki mimi huonyesha kwa kidole. Siku ile sauti ilitoka kubwa, sikujua kuwa ni yangu. Na lile jina nililipenda likiwa tupu, bila mjomba mbele yake. Hilo ndilo linalonitia haya.

Nduguyo mdogo,
Abdulgani


Nairobi
13 Machi 1948

Mdogo wangu Gani,

Marahaba. Baridi sijaizoea, nalala na soksi za shemejio, naye hajambo. Mama mkwe ameuliza barua inasemaje, nikamwambia ni habari za kikohozi cha Mama. Haya, nishasema uongo kwa ajili yako.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakasirika. Anataka alindwe na anataka aamkiwe, yote kwa pumzi moja! Lakini Gani, mkono ni mkono tu. Ubusu, uingie uwanjani. Ukikaa nje watasema vijana hawawezi, nawe hutakuwa na pa kuwajibia. Kisha mpatane neno fupi. "Mjo" je? Mimi nilipokuwa mdogo nikimwita hivyo na hakuwa akigomba.

Mama mpe asali na tangawizi.

Dadako,
Razia


Mji wa Kale
5 Aprili 1948

Kwako Dada Razia,

Shikamoo. Tangawizi imemfaa Mama. Mengine yote mabaya.

Mkono niliubusu. Mjomba akauacha hewani kidogo ili kila mtu aone. Akasema, "Na uwanjani pia mimi ni mjomba wako. Utaniita kwa heshima, na tafadhali utaitia." Nikamtajia neno lako. "Mjo? Mimi si paka wa kuitwa kwa mkato!" Wenzake wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Ami Najmuddin, rafiki yake Baba, ambaye naye hucheza nyuma na hupitwa kuliko wote.

Jana tukacheza na Kilindini. Nikatii. "Mjomba Kasam, tafadhali, nyuma yako!" Nilipofika kwenye tafadhali mpira ulikuwa ushaingia kikapuni. Mara ya pili mashabiki wa Kilindini wakanisaidia, uwanja mzima: "Mjomba Kasam, tafadhaliii!" Kalama naye alikuwa upande wa pili na "Ami Najmuddin, samahani" zake, masikini, jasho linamtoka kwa heshima.

Hata hivyo tulikimbia sana, hata mwishoni tukawa sawasawa. Ndipo mchezaji wao mmoja mrefu akaanza kumzunguka Mjomba. Mjomba hamwoni. Akapiga kelele yeye mwenyewe: "Gani! Yuko wapi? Niite! Niite jina, mwanangu, niite vyovyote!"

Dada, nilikuwa namwona yule mtu. Nikafunga mdomo.

Tukafungwa. Jioni barazani Ami Najmuddin akatoa hukumu: "Vijana tumewajaribu. Nyuma hawawezi kuiziba." Tumetolewa sote wawili. Tumejaribiwaje? Mtu azibwe mdomo kisha aambiwe hajui kusema! Na nyuma hiyo ilivuja miaka yote wakicheza wao, mbona hawakujitoa?

Kalama haniongeleshi. Aliniambia mara moja tu, "Ulikuwa unamkomoa mjomba wako. Mimi nilikukosea nini?"

Nduguyo,
Abdulgani


Nairobi
12 Aprili 1948

Gani,

Salamu zako zimefika. Zangu utazipata baadaye.

Makosa ya Mjomba ni ya Mjomba, nami nitamwandikia yangu. Lakini alikuomba, nawe ulikuwa na neno mdomoni ukalimeza ili aaibike. Akaaibika, na Kalama akafukuzwa. Wao walikuwa wanatafuta ushahidi kwamba vijana hamfai, wewe ukawapelekea. Nimewaka hata shemejio ameniuliza nani amekufa.

Kwangu usilalamike tena. Nenda barazani ukaseme kwa mdomo wako. Usiniandikie mpaka uwe umesema.

Razia


Mji wa Kale
18 Mei 1948

Kwako Dada yangu Razia,

Shikamoo, na salamu zangu nazidai. Mama mzima kabisa. Nimesema.

Nilichelewa kwa sababu kila nilipofika barazani nilijifanya nimetumwa kumwita mtu, nikarudi. Ijumaa iliyopita nilisimama nikashika nguzo. Nikasema, "Yule mrefu nilimwona nikanyamaza makusudi. Kalama hana kosa. Na nyuma ilikuwa mbovu kabla yetu, kwa kuwa kila mtu analinda peke yake na hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake."

"Lo!" akasema Ami Najmuddin. "Kumbe bubu ana ulimi!"

"Tena mrefu," akadakia mwingine.

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wamekubali: uwanjani jina tupu, nje ya uwanja kila mtu na heshima yake. Kalama amerudishwa. Mimi la; wanasema aliyenyamaza makusudi hatawekwa nyuma.

Jumapili nilitazama kutoka ukutani pamoja na watoto. Kalama aliita, "Kasam! Kulia!" naye akageuka mara moja, na Makupa wakapata taabu kupita. Nilipiga makofi, Dada, huku roho inaniuma. Kalama alinitazama, akarudi kwenye mchezo wake.

Leo Mjomba amekuja kula kwetu. Akasema huku anatafuna, "Gani, nitakurudisha. Ila kwanza uniombe radhi ya siku ya kombe."

"Hiyo nakuomba, Mjomba. Nilikukosea. Nawe umwombe Kalama. Ulimfukuza bure ukimwona amefanya kazi yake."

Tonge likakwama njiani. Baba akanionyesha mlango. Nimepanda darini, na huku naandika nawasikia chini wananijadili. Mjomba anauliza, "Tangu lini mtoto huyu anaongea?"

Mama anamjibu, "Tangu ulipomwambia akulinde."

Nduguyo mdogo,
Abdulgani