Namba Ishirini na Mbili

Buhongwa,
Mwanza.
Jumanne, 3 Februari 2026

Mpendwa Masele,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujanipa, maana tangu tarehe kumi na moja Januari sauti yako haijasikika katika nyumba hii, na mimi siwezi kuanza barua bila salamu hata nikiwa nimekasirika. U mzima? Kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kinaendeleaje? Winnie ameniambia wiki hii huko kwenu ni nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Nakuombea joto na afya, na ninaomba kwa moyo kabisa, kwa sababu nikimaliza salamu hizi utaona kwamba sijawahi kukukasirikia hivi tangu uzaliwe.

Sisi huku ni wazima. Bibi yako ni mzima, goti tu ndilo linalomuuma asubuhi, na macho yake tangu atolewe mtoto wa jicho mwaka juzi yanamtosha kuchagua mchele bila miwani. Winnie wangu yuko mwaka wa pili chuoni, bado analala nyumbani. Mahindi nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Kazi yangu ni ile ile ya ghala la barafu pale Mwaloni, nawauzia wachuuzi wa sangara mabonge na kuwapondea kwa nyundo wakitaka.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu hupokei na ujumbe unasoma kisha unanyamaza. Alama zinaonekana, Masele. Projest Mutayoba, yule Mhaya anayesoma mji wa jirani na wako, alikuja Bukoba kumzika babu yake na anaondoka Alhamisi. Nimemwambia akupe barua hii mkononi mwako, asimwachie mwenzako wa chumbani wala asiipitishe chini ya mlango.

Sasa nianze.

Unaijua kanuni ya Jumapili katika nyumba hii, maana aliiweka baba yako. Kaka yangu Paulo alipokuwa hai alimwambia bibi kwamba mchezo ukishajua matokeo yake unakuwa chakula kilichopoa. Basi kwa kuwa ninyi mnacheza Ijumaa na Jumamosi wakati sisi tumelala, hakuna anayeruhusiwa kuulizia matokeo mpaka Jumapili tukitoka kanisani, tukala, bibi akakaa kwenye kiti chake, ndipo Winnie anafungua marudio. Akiyajua mtu kwa bahati mbaya anakula barazani peke yake, ili uso wake usitufichulie siri. Mwaka jana nilikula barazani Jumapili mbili. Winnie anafungua ile video huku amefunika nusu ya kioo kwa kiganja, na ukurasa wa chuo chenu hakuna anayethubutu kuugusa, maana matokeo yamejaa kila kona.

Ni kanuni hiyo ndiyo iliyokuficha. Nataka ulijue hilo. Umejificha nyuma ya kanuni ya baba yako.

Tangu msimu uanze Oktoba tumetazama kila mechi. Ile hoki yenu ya barafuni mimi sasa naielewa. Najua vipindi vitatu, najua kwa nini mtu anafungiwa kwenye kile kijumba cha adhabu dakika mbili, najua mnahitaji kuwa ndani ya sita bora ili mwendelee baada ya msimu wa kawaida. Kila Jumatatu naandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala: mmeshinda ngapi, mmefungwa ngapi, mko nafasi ya ngapi. Wachuuzi wa sangara wananiuliza vijana wetu wamefanyaje kabla hawajaniuliza bei ya barafu. Chuo chenyewe kina wanafunzi elfu moja na kidogo, hata huko Marekani wengi hawakijui, lakini Mwaloni kinajulikana.

Na sisi tulikuwa tunamtazama namba ishirini na mbili, namba yako. Mmevaa kofia ngumu, uso umefunikwa na wavu wa chuma, mikono imo kwenye glovu kubwa kama mito, jezi haina jina mgongoni, na kamera imetundikwa juu huko kama inaogopa kushuka. Sauti tunazima kwa sababu yule mtangazaji anaongea kama mtu anayefukuzwa na bibi anaumwa kichwa. Mimi ndiye ninayemweleza kwa Kisukuma. Mimi ndiye ninayesema, ndiye huyo, mama, huyo anayekimbia sasa, mjukuu wako. Mwezi wa kumi na moja wote, wa kumi na mbili wote, Januari yote.

Jumapili iliyopita Winnie aliunganisha simu kwenye televisheni ya jirani yetu Suzana, aliyetuazima kwa siku ile. Mtandao ulikuwa mzuri ajabu. Namba ishirini na mbili akaja mpaka karibu na kamera, akainua fimbo, akapiga. Akapigia upande wa kulia.

Nikageuka kutazama ukuta. Ukutani nyuma ya kiti cha bibi ipo picha uliyopigwa na baba yako ukiwa na miaka kumi na minne, umeshika fimbo, mkono wa kushoto chini. Paulo alitueleza siku ile alivyozunguka maduka matatu kutafuta fimbo ya kushoto. Bibi alipokwenda kupumzika nikamwambia Winnie avunje kanuni. Akafungua ukurasa wa chuo. Namba ishirini na mbili sasa ni kijana wa mwaka wa kwanza mwenye nywele nyekundu na madoadoa puani, anaitwa Erik. Jina lako halimo. Orodha ya Oktoba unayo, ya mwisho wa Novemba huna.

Nisikilize vizuri hapa, usije ukasema shangazi hakuelewa. Kuacha mchezo si kosa. Kama ulichoka, kama mwalimu wenu alikutoa, kama masomo yalikulemea, kama tangu baba yako afe huwezi tena kuingia kwenye uwanja ule bila kumtafuta pale alipokuwa anakaa, ungesema. Mimi ningekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Nimeacha mambo mengi katika maisha yangu, nimemwacha hata mume.

Kinachonichoma ni tarehe kumi na moja Januari. Siku hiyo tuliona namba ishirini na mbili akifunga magoli mawili. Bibi akaomba simu yake, akakupigia mwenyewe, na ulipokea. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, sauti iko wazi. Akakwambia, mjukuu wangu, tumeona magoli mawili. Na wewe ukajibu, "Asante bibi, nilikukumbuka."

Ungeishia kwenye asante ningesema ulibanwa, uliona aibu, mdomo ulitangulia. Lakini ukaongeza. Nilikukumbuka. Mtoto wa watu ametoka jasho, kagongwa ukutani mara mbili, kafunga, halafu wewe uko chumbani kwako umekaa kitandani unamwambia mama yangu kwamba ulipofunga ulimkumbuka. Bibi alikata simu akatoka, akamkamata yule jogoo mwekundu aliyekuwa anamtunzia mchungaji, akachinja. Tulikula wote. Nilipeleka hata paja kwa Suzana nikimwambia ni la magoli ya Masele. Tangu Jumapili kila nikikumbuka lile paja nasikia kama nimekula cha wizi.

Na mimi je? Miezi mitatu unaniacha nasimama mbele ya mama yangu namwonyesha kijana wa Kizungu namwambia ndiye mjukuu wako. Pale Mwaloni wiki iliyopita tu nilitaka kugombana na mchuuzi aliyesema mchezo wa barafu ni wa watu wasio na ziwa. Nilimtetea nani? Nilipiga kelele kwa ajili ya nani, Masele?

Lakini aibu yangu naweza kuibeba. Kuna jambo ambalo hukulifikiria, au ulilifikiria ukaamua kuzima simu. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja mwezi huu ni mechi yenu ya mwisho ya nyumbani, na wa mwaka wa nne wanaagwa. Wewe mwenyewe mwaka jana ulimweleza bibi jinsi kila mmoja anavyoitwa jina, akaingia kwenye barafu na wazazi wake, watu wakasimama. Bibi hajasahau hata neno. Amemwalika Mzee Chenge na mkewe waje kutoka Magu tarehe ishirini na mbili watazame nasi. Mzee Chenge ndiye aliyesoma na baba yako, na ndiye aliyesimama kwenye maombolezo hapa tulipokuwa hatuna mwili wa kuzika kwa sababu Paulo alizikwa huko. Bibi anataka amwone mtoto wa Paulo akiitwa jina lake mbele ya watu. Ametoa ile picha kubwa ya baba yako kwenye fremu ya mninga, ameishonea mfuko wa kitenge, Projest akuletee, ili uingie nayo uwanjani upande ambao baba yako angesimama.

Sasa niambie. Mzee Chenge amekaa, bibi amekaa, wanaitwa vijana mmoja mmoja, wewe humo. Mimi nimweleze nini mama yangu? Nizime video? Niseme mtandao umekatika? Unataka nami nianze kumdanganya, tuwe wawili?

Kwa hasira hiyo, Jumapili jioni nilikwenda kwenye mzigo tuliomwandalia Projest akuletee, nikaitoa ile picha. Nikaificha chini ya magodoro. Nikajisemea hastahili, abaki hivyo hivyo.

Jana nimerudi kutoka kazini nikamkuta bibi sebuleni, picha iko mapajani, anaongeza mshono kwenye mfuko. Yeye hakuinua uso kutoka kwenye uzi. Akasema kwa Kisukuma, nakutafsiria maana nasikia umeanza kukisahau: "Paulo asiachwe Mwanza kwa sababu ya mpira. Irudishe kwenye mzigo."

Nikamuuliza, mama, mpira gani. Akasema, "Yule anapiga kwa kulia. Masele alipokuwa mdogo hapa kwangu nilimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila tukila, miaka minne, na kulia hakukubali. Hao Wazungu wangemweza wapi."

Nilikaa chini, Masele. Huyu ndiye niliyekuwa namwelekeza kwa kidole nani ni nani. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya magoli mawili. Nikamwambia haiwezekani, siku ile alikupigia kukupongeza. Akakata uzi kwa meno, akasema hakukupongeza. Alikwambia tumeona magoli mawili, basi, akanyamaza ili akusikie utasema nini.

Soma tena hapo juu ulichosema.

Nikamuuliza, mama, kama ulijua, jogoo wa mchungaji ulimchinjia nini? Akanishangaa. Akasema yule mtoto wa watu alifunga mawili, na yeye ana bibi yake mahali.

Hajalia, hajakulaani, na wageni hajawaahirisha. Anasema Mzee Chenge atakuja na tutatazama. Ila tangu tarehe kumi na moja anatembea na simu. Anaifunga kwenye pindo la kanga akienda kwenye mahindi, anaiweka juu ya jiwe akioga, kanisani anaishika mkononi badala ya kitabu cha nyimbo. Mimi nilidhani ni uzee, nikamtania mbele ya watu kwamba amepata mchumba. Kumbe anakusubiri wewe useme upya.

Kwa hiyo picha ninakuletea, imo kwenye mfuko wake. Itundike unapolala. Na upige simu kabla ya Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, kabla Mzee Chenge hajashuka garini. Usipige kumweleza habari za hoki. Usianze na samahani ndefu za kuandaliwa. Mpe shikamoo, halafu mwambie uko wapi na unaendeleaje, kweli. Yeye hakuwahi kuutazama ule mchezo, Masele, hata siku moja. Alikuwa anatazama kama umekonda.

Winnie anakusalimu, na anasema kanuni ya Jumapili imefutwa mpaka itungwe nyingine. Suzana anakusalimu, hajui lolote, na paja la kuku sitamwambia. Wachuuzi wa Mwaloni wanakusalimu. Mlangoni pa ghala sijafuta chaki, mko nafasi ya tano, na bado wananiuliza.

Msalimie pia huyo Erik. Mwambie kuna mwanamke wa miaka themanini na moja huku Buhongwa anayemwombea asivunjike mguu tangu Novemba kwa jina lisilo lake, na jana ameuliza jina lenyewe ili amwombee vizuri.

Mungu akukinge na baridi hiyo, na akufungue mdomo.

Ni mimi, nikupendaye hata leo nilivyo na hasira,
Shangazi yako,
Ng'washi

Bibi amechaji simu yake sasa hivi. Imejaa.