Paka Anayemjua Mama wa Bibi Yake

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto,
Juu ya duka la fundi viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti la kulia linaendeleaje? Na macho, bado unasoma bila kuazima miwani ya jirani? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kila ninapoinama, na siku hizi nainama sana. Sababu ni paka.

Ndiyo maana nimekawia kukujibu. Nimefanywa yaya wa paka, tena paka wa madoa, mwenye ukoo wake. Binti yangu muuguzi alimwahidi mwanawe mnyama, kisha zamu za kazini zikambana. Mzigo ukamwangukia mstaafu.

Kumchagua tu kulitutoa jasho. Mfugaji alitufundisha kutafuta madoa yaliyoachana, yasiyoungana yakawa mistari, na kumtazama kwanza mama mtu kama ni mtulivu. Sawa. Kisha akanigeukia: "Mzee, unaishi hapa nchini kwa kudumu?" Miaka thelathini na mmoja, Dada! Nikamwambia amuulize paka kwanza. Mjukuu wangu akanikanyaga mguu na kuninong'oneza, kwa utani wetu wa kila siku, "Mume wangu, usituharibie."

Basi tumeletewa bwana mkubwa. Haachwi peke yake kutwa. Hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Choo chake kisafishwe asubuhi na jioni, kucha zikatwe, chanjo zisipitwe na tarehe. Nimemnunulia nguzo ya kukwaruza. Anakwaruza kiti changu cha kusomea. Kalala kwenye sinki la bafuni, nami nanyolea ndevu jikoni.

Lakini kilichonikera hasa ni cheti chake. Wazazi wake wamo, babu na bibi zake wamo, hadi mama wa bibi yake, pamoja na rangi ya macho. Mjukuu alikibandika kwenye friji, akaanza kuchora ukoo wetu kando yake kwa kazi ya shule. Tulikwenda vizuri mpaka kwa Bibi aliyetulea mimi na wewe.

"Mama yake aliitwa nani?"

"Bibi Mkubwa."

"Hilo si jina, Babu!"

Nikabisha, nikafoka, nikaenda kusafisha choo cha paka. Mtoto ana haki. Nyumba nzima ilimwita Bibi Mkubwa. Kumtaja jina ilikuwa kukosa adabu. Adabu zetu ndizo zilizomfuta.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimsindikiza kliniki. Yule karani wa dirishani hakuwa na adabu hata chembe, na leo namshukuru: lazima alimwita kwa jina lake. Alimwitaje? Wengine wote wa kuulizwa wametangulia.

Mjukuu alikuwa ameandika "hajulikani". Nimelifuta neno hilo kwa mkono wangu na kuacha kisanduku wazi. Anasema jina likiwa zuri atampa paka, kwa kuwa la kwenye cheti ni refu kama treni. Nimekataa katakata.

Nisalimie Shemeji, na mwanao fundi bomba, na mtoto wake mnayemwita Kidevu, aliyeanza kutembea. Mungu akutunzie goti, macho, na zaidi ya vyote kumbukumbu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninaponung'unika.

Ukikumbuka herufi ya kwanza tu, iandike hiyohiyo uilete. Nitaanzia hapo.