Taa Zinawaka Kule Tulikohama

Cosimo,

Usifungue friji, ubaridi uliobaki ni wa maziwa ya mwanetu Ilaria. Swichi ya ukutani nayo iache, haina kosa. Mwenye kosa ni wewe.

Asubuhi mchuzi wa Jumapili ndiyo kwanza unaanza kutokota, jiko likazima. Nikawapigia watu wa umeme. Dada wa huko akanijibu kwa upole, “Lakini mama, mumeo mwenyewe ndiye aliyeomba tukate.” Uliwasomea namba ya mita ya hapa badala ya kule tulikohama! Na mama yako pembeni, “Maskini mwanangu, kachoka kubeba masanduku.” Masanduku gani? Kabati nimebeba mimi na kaka yangu.

Wataurudisha kesho. Mishumaa imo kwenye boksi uliloandika “Viatu”.

~~Nimekwenda kwa dada yangu, usinitafute.~~

Sufuria nimeipeleka nyumba ya zamani. Funguo bado tunazo, na umeme unawaka kama sikukuu. Mlete mama yako, Ilaria na mkate. Tutakula sakafuni, kama wiki ile tulipooana, hatuna hata kiti.

Ukitoka, zima taa.

Mkeo